Waliomo Ndani ya Jiwe

Jiwe lenyewe lilikuwa na uzito wa kilo 4.7, karibu sawa na mfuko mdogo wa unga wa dukani. Lilikuwa fundo moja la matumbawe kutoka mwamba wa Heron Island, kisiwa kidogo cha Australia kwenye Great Barrier Reef. Mwanabiolojia wa Marekani, J. Frederick Grassle, alitaka kujua nani wanaishi ndani yake. Kuwaona kwa nje haikuwezekana, maana maskani yao ni vitundu na nyufa ambazo hata kijiti cha kiberiti hakipiti. Jiwe likavunjwa. Mwaka 1973 Grassle alichapisha hesabu yake: minyoo 1,441 wa aina 103. Hao ni minyoo peke yao, kabla hujauliza habari za kaa, kamba na konokono.

Kabla ya jiwe kuvunjwa, wale 1,441 walikuwapo na hapakuwa na aliyewajua. Baada ya kuvunjwa walijulikana, na hawakuwapo tena. Hapo pana maswali mawili makongwe kuliko sayansi ya bahari. Kisichoonekana kina haki gani kwa anayepita juu yake? Na anayetaka kukijua ameruhusiwa kuharibu kiasi gani?

Watu wa pwani ya mashariki ya Unguja wanalijua swali la kwanza kwa nyayo zao. Siku za bamvua, maji yakishakupwa na kukimbilia mbali, wanawake hutoka na kapu na chuma chembamba kwenda kuchokoa pweza. Mwamba unaonekana mtupu: mawe ya kijivu, mwani uliolala, vidimbwi vya maji ya vuguvugu. Mgeni atasema hapa hapana kitu. Mama aliyezoea kazi hamtafuti pweza, anatafuta mlango wake. Akiona maganda ya kaa na vikombe vitupu vimerundikana mbele ya tundu, anajua mwenye nyumba yumo na kwamba amekwisha kula. Amemjua kwa taka zake kabla ya kumwona kwa macho.

Akipindua jiwe, upande wa chini ni nchi nyingine. Juu limepaushwa na jua; chini limevaa utando wa rangi ya machungwa na zambarau. Kuna sponji laini kama maini, vijimirija vyeupe ambamo minyoo wamejikunja, na viumbe wa jamii ya kiti cha pweza, wenye mikono myembamba kama uzi, wakikimbilia kivuli. Kaa asiyezidi ukucha wa kidole cha mwisho amejikunyata pembeni, anadhani hajaonwa. Jua la saa saba halihitaji muda mrefu kuwaua wote hao, ndiyo maana anayeujali mwamba hulirudisha jiwe kama alivyolikuta.

Lugha ya dini ina neno kwa hali hii: ghaibu. Wanazuoni wa Kiislamu wameigawa mafungu mawili. Iko ghaibu isiyofikiwa na kiumbe yeyote, kama vile saa ya Kiyama. Na iko ghaibu ya kiasi, yaani jambo lililofichika kwa huyu na lililo wazi kwa yule. Mtoto aliyelala chumbani ni ghaibu kwa wageni walioko barazani, lakini si ghaibu kwa mama yake anayempepea. Kaa wa chini ya jiwe yumo katika fungu hili la pili. Kwa mpita njia hayupo kabisa. Kwa pweza ni chakula.

Wanasayansi wa bahari walifika karibu na mgawanyo huohuo kwa njia yao wenyewe. Grassle, yule wa jiwe, baadaye alikuwa mmoja wa waasisi wa Sensa ya Viumbe vya Baharini, kazi ya miaka kumi kuanzia 2000 hadi 2010, iliyowakusanya watafiti wapatao 2,700 kutoka nchi zaidi ya 80. Sensa hiyo iliyapanga maarifa ya bahari katika makabati matatu: yanayojulikana, yasiyojulikana, na yasiyoweza kujulikana. Ni nadra kwa karani wa sensa kukiri tangu mwanzo kwamba ziko nyumba ambazo hatabisha hodi. Katika sura ya Al-An'am, aya ya 59, funguo za ghaibu zinatajwa mahali pamoja na yaliyomo barani na baharini. Waliopanga sensa hawakuanzia kwenye aya hiyo, ila walipokaa na hesabu zao walijikuta wanahitaji kabati la tatu.

Na yaliyofichika si machache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yanataja aina 830,000 za viumbe wenye seli nyingi kwenye miamba ya matumbawe duniani, huku waliokadiria wakiacha nafasi pana ya kukosea, kuanzia 550,000 hadi zaidi ya milioni 1.3. Samaki wa rangirangi wanaopamba mabango ya watalii ni kikundi kidogo katika umati huo. Umma wenyewe uko nyufani.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kazi ya kuutafuta ilivyo. Mwaka 1993 msafara wa watafiti, akiwamo Philippe Bouchet wa makumbusho ya historia asilia ya Paris, ulipiga kambi Koumac, kaskazini mwa Kaledonia Mpya, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa kwenye Pasifiki. Walitaka kuhesabu konokono, chaza na jamaa zao katika eneo moja tu la kilomita za mraba 295. Walipiga mbizi, wakasugua mawe kwa brashi, wakafyonza mchanga kwa bomba, wakakokota vyombo kwenye sakafu ya bahari. Kazi hiyo, ukiwajumlisha watu na siku zao, ilikula siku 400. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2002 yalihusu vielelezo 127,652 vya aina 2,738, baadhi yao wadogo kuliko punje ya mchele. Karibu aina moja katika kila tano ilipatikana kwa kielelezo kimoja tu katika hiyo laki na ushei.

Miaka tisa baadaye kundi jingine, likiongozwa na Laetitia Plaisance akiwa pamoja na Nancy Knowlton wa Smithsonian, lilichapisha hesabu ya jamii ya kaa na kamba waliotolewa hasa kwenye mafundo ya matumbawe yaliyokufa, kutoka Bahari ya Hindi, Pasifiki na Karibi. Sampuli zote zikiwekwa pamoja zilikuwa na eneo la mita za mraba 6.3, kadiri ya chumba kidogo cha kulala. Humo mlikuwa na aina 525, na zaidi ya theluthi yao walionekana mara moja tu.

Mafundo hayo yalikuwa yamekufa, na hapo jicho la binadamu linapata aibu. Mtalii akiogelea juu ya kifusi cha matumbawe husikitika kwamba mwamba umekufa, akapiga mateke kuelekea penye rangi. Kumbe kifusi nacho ni mji. Matundu yake mengi ni vyumba, na mara nyingi wakazi wake ni wengi kushinda wa tawi lililo hai.

Kila njia ya kuwatafuta wakazi hawa ina tabia yake, kama shahidi anavyokuwa na upande wake. Taa ikiwashwa usiku majini huwaleta wapendao mwanga, na waogopao mwanga wakaandikwa kuwa hawapo. Chambo huwaleta wenye njaa. Chombo kinachokokotwa huleta wagumu na kuwasaga laini. Nyundo huwatoa karibu wote, lakini haina kesho, kwa sababu mtafiti akirudi mwaka wa pili kuona kumebadilika nini, jiwe la mwaka jana halipo. Tena hakuna mawe mawili yaliyo sawa, hata mtu aseme mwamba wa Hawaii una wakazi wengi kuliko wa Bahari ya Shamu.

Kutokana na shida hiyo, watafiti wa Marekani waliokuwa ndani ya ile sensa ya miaka kumi walibuni jiwe la kutengeneza. Kwa kifupi cha Kiingereza linaitwa ARMS. Ni vibamba tisa vya plastiki ngumu ya kijivu, jamii ya ile ya mabomba ya maji, kila kimoja cha mraba wa sentimita zipatazo 22.5. Vimepangwa ghorofa juu ya ghorofa na kukazwa kwa bolti. Nafasi nyingine kati ya kibamba na kibamba zimeachwa wazi ili mkondo upite. Nyingine zimewekewa vizuizi ndani ili pawe na vyumba tulivu. Mpiga mbizi hulifunga jengo hilo sakafuni kando ya mwamba, akaondoka. Hamna chambo, hamna mtego. Ni nyumba ya kupanga isiyo na kodi, nayo huachwa huko mwaka mmoja hadi mitatu. Viluwiluwi vinavyoelea baharini vikitafuta pa kushikiza hupata ukuta. Watembeao hupata upenyo. Na walao wenzao huwafuata hao.

Siku ya kulitoa, mpiga mbizi hulifunika kwanza kwa kreti lililotandikwa wavu mwembamba kama chachi, ili wapangaji wasikimbie, kisha huliinua lote. Juu ya chombo, jengo hutumbukizwa kwenye beseni la maji ya bahari yaliyochujwa na bolti hulegezwa. Kibamba cha kwanza kikinyanyuka, kinachoonekana kimefanana na zulia la zamani: mabaka mekundu, njano ya nta, mirija iliyosokotana, povu la sponji, na kiumbe fulani wa kung'aa asiyejulikana kama ni mmoja au ni wengi walioungana. Kila kibamba hupigwa picha pande zote mbili. Maji ya beseni hupitishwa kwenye machekeche matatu, la milimita mbili, la nusu milimita na la sehemu moja ya kumi ya milimita. Wanaobaki kwenye chekeche la kwanza hutenganishwa mmoja mmoja, wakapewa namba, wakapigwa picha na kuwekwa kwenye spiriti. Kwa siku nzima watu huinamia trei na koleo ndogo, wakitoa kamba wa kioo na kaa wa ukubwa wa dengu, na asiyezoea hupata kichefuchefu kwa harufu na mawimbi.

Kisha huja blenda. Ni blenda kama ile ya jikoni, ya kusagia juisi ya embe. Wote waliojishikiza kwenye vibamba hukwanguliwa, wakatiwa humo na kusagwa mpaka wawe uji. Kutoka kwenye uji huo hutolewa vinasaba, na kipande kimoja cha jeni kinachotofautiana baina ya aina na aina husomwa kwa maelfu kwa mpigo. Mashine haioni mnyama. Inaona herufi, inazipanga mafungumafungu, na kila fungu linahesabiwa kama aina. Mafungu yanapolinganishwa na orodha za viumbe waliokwisha kutajwa, sehemu kubwa hayafanani na jina lolote, nayo hubaki na namba.

Hapa wasomaji wa vitabu viwili wanaweza kuketi pamoja na kubishana kwa faida. Katika Mwanzo, mlango wa pili, Adamu analetewa wanyama ili awape majina. Wanatajwa wa kufugwa, ndege wa angani na wanyama wa mwituni. Wa baharini hawatajwi. Orodha ya kwanza ya viumbe, kwa masimulizi hayo, iliacha bahari nje. Katika sura ya Al-Baqara, aya ya 31, Adamu anafundishwa majina yote, na malaika wanashindwa kuyataja. Ukishika la kwanza, kumtaja kaa wa nyufani ni kazi ambayo mwanadamu hakuimaliza. Ukishika la pili, ni somo alilofundishwa akalisahau. Kwa vyovyote anadaiwa. Na namba iliyotolewa na mashine haitoshi kulipa, kwani jina ni kumtofautisha huyu na yule kwa kumtazama, na huyu amekwisha kuwa uji.

Zipo sababu za kawaida za kujali, zisizohitaji kitabu chochote. Kati ya matawi ya matumbawe fulani ya Pasifiki na Bahari ya Hindi wanaishi kaa wadogo wa jenasi Trapezia, jike na dume katika tumbawe moja. Akija yule kiti cha pweza mwenye miiba anayekula matumbawe, dubwana mbele yao, kaa hao humbana miguu yake laini mpaka aondoke. Pia huondoa mchanga unaoliangukia tumbawe lao. Mwaka 2013 Jasper de Goeij na wenzake walionyesha jambo jingine kwa sponji wa Karibi wakaao kwenye mapango ya mwamba: huyanywa mabaki yaliyoyeyuka majini, ambayo wanyama wengi hawawezi kuyala, kisha hupukutisha seli zao upesiupesi, na seli hizo huwa chakula cha wengine. Mwamba unaoonekana mchana unakula kwa mkono wa mwamba usioonekana.

Lakini faida peke yake haijibu swali la haki. Je, kama mnyoo wa aina ya 104 hana faida kwa yeyote?

Sura ya An-Naml ina kisa ambacho watoto wa chuoni hukijua mapema. Jeshi la Nabii Sulemani, la majini, watu na ndege, linakaribia bonde la sisimizi. Sisimizi mmoja anawahimiza wenzake waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na Sulemani na majeshi yake bila wenyewe kutambua. Sulemani, aliyejaliwa kufahamu maneno hayo, anatabasamu na kumwomba Mola amwezeshe kushukuru.

Cha kutazama ni adabu ya sisimizi. Hamtuhumu mfalme kwa ukatili. Anampa udhuru: watatuua na hawatajua. Ni mnyonge anayemtetea mwenye nguvu hata kabla ya kosa. Udhuru huo ulikuwa wa kweli mpaka Sulemani aliposikia. Baada ya hapo haukumfaa tena, na kisa hakielezi jeshi lilipita wapi. Kwa kipimo hiki, hesabu ya Koumac na ya Heron Island ni zaidi ya elimu. Ni sauti ya sisimizi iliyofika sikioni. Meli inayotupa nanga juu ya matumbawe, gati linalojengwa kwa kumwaga kifusi, na baruti za wavuvi haramu zilizolia kwenye maji ya Tanzania kwa miongo mingi licha ya marufuku, zote zilihesabiwa hasara kwa samaki walioelea. Waliomo ndani ya jiwe hawaelei. Aliyesema hakujua alikuwa anasema kweli, na anayesema hivyo leo ana kazi ya kueleza.

Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inakaza zaidi. Nabii mmoja wa zamani aliumwa na sisimizi, akaamuru kichuguu chao chote kichomwe. Akalaumiwa kwa wahyi: kwa kuumwa na mmoja ameangamiza umma mzima uliokuwa ukimsabihi Mungu. Neno umma hapo ni zito. Mwenye kuwasaga wakazi wa kibamba ndani ya blenda naye ameuweka umma mkononi.

Je, atajitetea vipi? Jawabu la kawaida ni kwamba anaharibu kidogo ili kinusurike kikubwa. Asiyewajua wakazi hawezi kuwatetea mbele ya mjenzi wa gati. Utetezi huu una mzee wake maarufu. Katika sura ya Al-Kahf, Musa anafuatana na mja mwenye elimu ya siri, ambaye wafasiri humwita Khidhri. Wanapanda chombo cha maskini wafanyao kazi baharini, na yule mja anakitoboa. Musa anapinga. Baadaye anaelezwa kwamba mbele yao kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima. Tundu lile lilikiokoa.

Pwani ya Pemba ina kumbukumbu yake ya mtu huyu. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, inasimuliwa kwamba kilipata jina kwa sababu Nabii Hadhara, ndiye Khidhri huyo, alifika akawaomba wavuvi msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, kitakuwa msala wake. Ni kisiwa hichohicho ambacho mwishoni mwa miaka ya 1990 kilifanywa eneo la hifadhi, na wavuvi na viongozi wa dini wakakaa kujadili uhifadhi kwa misingi ya Kurani, kwa ushirikiano na taasisi ya mazingira ya Kiislamu iliyoasisiwa na Fazlun Khalid. Hoja iliyowaelea wengi haikuwa ya sheria ya serikali. Ilikuwa ya amana: msala haukatwi.

Mtafiti angependa awe Khidhri katika kisa. Kwa bahati mbaya yeye ni Musa. Khidhri alitoboa chombo akiwa amefundishwa mwisho wake. Mtafiti anavunja fundo la matumbawe akiwa hajui kama ripoti yake itasomwa na mtu yeyote mwenye uwezo wa kusimamisha gati. Hana hakika ya mfalme aliye mbele. Kwa hiyo tundu lake linahitaji lile ambalo la Khidhri halikulihitaji: liwe dogo kadiri iwezekanavyo, liandikwe, na liulizwe na wengine. Kwa mwanga huu historia ya njia za kuhesabu inasomeka upya. Kutoka nyundo kwenda kwenye mafundo yaliyokwisha kufa, kutoka hayo kwenda kwenye nyumba ya plastiki, kila hatua ilisukumwa na haja ya kulinganisha takwimu, lakini kila hatua pia ilipunguza kuguswa kwa mwamba wenyewe.

Bado kuna wanaokufa kwenye trei. Kwamba wanahisi au hawahisi si jambo la kubahatisha tena kama zamani. Mwaka 2009 Robert Elwood na Mirjam Appel, huko Belfast, walichapisha majaribio ya kaa wanaojisitiri ndani ya makombe ya konokono. Walipopigwa shoti ndogo ya umeme, waliokuwa kwenye kombe wasilolipenda sana walitoka kwa urahisi zaidi kuliko waliokuwa kwenye kombe zuri. Mshtuko wa mwili tu usingepima ubora wa nyumba. Mwaka 2022 sheria ya Uingereza iliwaingiza kaa, kamba na pweza katika viumbe wenye hisia. Minyoo wa Grassle hawamo. Kwenye sitaha zenye uangalifu wanyama hulevywa au kupoozwa kwa baridi kabla ya spiriti. Mafuta ya karafuu, zao la mashamba ya Pemba na Unguja, ni miongoni mwa dawa zinazotumika kuwalevya samaki wadogo na baadhi ya jamii ya kaa.

Hatua ya karibuni inaahidi kumaliza ugomvi. Mtafiti anachota lita moja au mbili za maji kando ya mwamba, anayachuja, na kusoma vinasaba ambavyo viumbe vimeacha kama mtu aachavyo jasho kwenye shati. Hakuna nyundo, hakuna trei, hakuna anayekufa. Ni ile hekima ya mama wa Unguja mbele ya tundu la pweza, kumjua mwenyeji kwa taka zake. Lakini mama yule ana chuma mkononi na dakika moja baadaye atamwona pweza uso kwa uso. Mwenye chupa ya maji haoni kitu. Hajui kama aliyeacha alama ni mkubwa au mdogo, ni mmoja au elfu, yuko hai au ameoza, ni wa hapa au ameletwa na mkondo. Njia iliyo ya upole kuliko zote ndiyo inayomweka mbali zaidi na aliyemtafuta, na ni vigumu kumwonea huruma mstari wa herufi.

Wapo waliokaa karibu na viumbe hawa kwa karne nyingi bila kuwahesabu. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una mihrabu ya mawe ya matumbawe yenye maandishi ya Kufi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Mafundi wa pwani walikata matumbawe mororo yakiwa bado mabichi kutoka baharini, wakayachonga kabla hayajakauka na kugeuka magumu. Kila fundo walilolitoa lilikuwa na wapangaji wake, wakiwamo chaza watobozi wanaochimba vyumba ndani ya jiwe na kuishi humo maisha yao yote. Mafundi lazima waliwaona wakitoka, wakawakung'uta wakaendelea na kazi. Watu wamesali kwa karne tisa wakiielekea miili ya wanyama wadogo, na hakuna aliyeona ubaya.

Pengine hapakuwa na ubaya. Fundi alichukua mawe machache kwa jambo aliloliona kubwa kuliko yeye, na jeshi lililopita bondeni siku zile lilikuwa dogo. Leo jeshi ni kubwa na maji ya bahari yenyewe yanapata joto, na anayesema juu ya waliomo ndani ya jiwe anahitaji ushahidi mkononi.

Ushahidi huo uko kwenye makabati. Katika makumbusho kama ile ya Paris, kichupa cha kioo kina konokono mmoja asiyefika milimita nne, ambaye ni yeye peke yake aliyepata kuonwa. Lebo inaeleza mahali alipotolewa, kina cha maji, tarehe na msafara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Bouchet akiwa miongoni mwa waandishi, ulipima muda kati ya siku kiumbe kipya kinapookotwa na siku kinapopewa jina, ukakuta wastani wa karibu miaka 21. Mstari wa jina kwenye lebo bado mtupu.